Mtu wa Mbele kwenye Baiskeli ya Eliakimu

Makole, Dodoma
17 Julai 2025

Mpendwa dada Yusra,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba shemeji Khalidi ameacha kupanda ngazi za duka kama kijana wa miaka ishirini. Bujumbura sijui kukoje majira haya. Huku kipupwe kimekuja na upepo wa kung'oa bati. Wifi yako Stara anakohoa kidogo lakini anafoka kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ulichosikia ni kweli. Keshokutwa alfajiri naondoka kwa baiskeli kwenda Farkwa, kule Chemba, mwendo wa siku mbili. Nina miaka hamsini na tatu, nina kitambi, na hadi Machi sikuwa nimegusa pedeli tangu tulipokuwa tukigombea ile ya baba. Cheka kwanza, kisha endelea kusoma.

Siendi peke yangu. Hapa mtaani kuna fundi baiskeli anaitwa Eliakimu. Haoni tangu utotoni. Kwao ni Farkwa, na mama yake, bibi Marselina, bado yuko huko. Yeye aliletwa shule ya wasioona ya Buigiri akiwa na miaka saba. Ana baiskeli ya watu wawili aliyoiunga kwa fremu mbili, akisaidiwa na mchomeleaji, na anataka kwenda nayo nyumbani. Nilimuuliza kwa nini asipande basi. Akasema amepita njia ile kwa basi maisha yake yote, na mpaka leo hajui inapanda wapi wala inashuka wapi. Anataka miguu yake ijue. Mimi ni mtu wa kubisha, unanijua.

Tulianza kwa ugomvi, bila shaka. Niliandika gazetini kwamba wasioona watafutiwe usafiri wa heshima badala ya kubebwa nyuma ya baiskeli za watu. Eliakimu akasomewa, akaniita kibandani kwake.

"Umeandika vizuri, mzee Mrisho," akasema. "Mimi uliniuliza lini?"

Nikaanza kujieleza. Akanikatisha: anatafuta mtu wa mbele, wa kushika usukani na kumtajia njia, na mtu mwenye maneno mengi kama mimi huenda akafaa.

Nikajiandaa kwa namna ninayoijua, yaani kwa kusoma. Nikamhutubia kuhusu upana wa tairi, uzito wa fremu na jinsi Wazungu wanavyovuka mabara. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama tairi hizo za vitabuni zimewahi kukutana na mwiba wa Chamwino. Yeye huchukua tairi kuukuu, huikata kingo zote mbili, huivalisha ndani ya tairi nzima, ndipo tyubu inaingia. Mwiba unachoka njiani. Tangu hapo hatujaziba pancha hata moja.

Lakini gurudumu, dada! Anagonga spoku moja moja kwa ukucha, anasikiliza, anakaza robo mzunguko, anagonga tena, mpaka ringi nzima inaimba sauti moja. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama saa mbili bila kufungua mdomo. Mjini hapa wamejenga maofisi yanayofika mawinguni wakasahau kumwachia mwendesha baiskeli hata ukanda wa hatua moja. Wangeketi kwenye kile kigoda wakaona kazi ni nini!

Vifaa vingine ni vichache. Madumu mawili ya maji yenye chumvi na sukari kidogo. Tende na karanga. Viraka, solusheni, pampu, cheni ya akiba. Stara amenishonea godoro dogo ndani ya suruali, na majirani wanaona haya kuliko mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu kwa maandishi. Mwezi Mei tulikuwa tukifanya mazoezi njia ya Makutupora. Dereva wa pikapu akatubana, akapiga honi, akapita. Nikageuza shingo nimtukane, na tusi lilikuwa zuri, limepangika. Mbele kulikuwa na tuta. Sikulitaja. Eliakimu alirushwa kutoka kwenye siti na kuangukia kidevu. Alishonwa nyuzi saba na mkono ukateguka. Pale chini, damu inamtoka, aliniuliza kwa upole:

"Umemaliza?"

Kisha akaniambia kwamba maoni yangu hana kazi nayo. Anachohitaji ni habari.

Wiki tatu hakutaka nisogee kibandani. Ya nne akaja mwenyewe kwangu. Akasema nimpeleke sokoni na kumrudisha, kwa miguu, na nikitamka neno moja lisilohusu kilicho mbele yake, safari imekufa na asinisikie tena.

Unajua kilichokuwa njiani? Kijiwe cha kahawa, na Masudi, yule ninayebishana naye tangu shule. Akaniona.

"Jamani, profesa huyo! Ile makala yako ya juzi nimempa mama mkwe, amepata usingizi!"

Watu wakaangua kicheko. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, dada, na lilikuwa kali.

"Mfereji," nikasema. "Hatua mbili. Kulia kuna nondo imejitokeza."

"Leo kameza kalamu!" Masudi akapiga kelele.

"Pikipiki imesimama. Pita kushoto."

Tulipofika kibandani, Eliakimu aliketi akapangusa viatu vyake.

"Rafiki yako amekutukana vizuri."

"Nimesikia."

"Na ule mfereji ulikuwa hatua mbili na nusu." Akainuka. "Lete nguo zako, tupime mzigo."

Tangu siku ile tumepiga mazoezi mara tisa. Nimeandika miaka ishirini na tano, na nilipokosea, aliyeumia ni aliyetaka kuumia. Keshokutwa mtu atainua uso kuelekea upepo na kukanyaga kwa nguvu zake zote, haoni kitu, kwa sababu mimi nimesema njia ni nyeupe. Sijawahi kuaminiwa namna hiyo na msomaji yeyote. Usingizi umenipungua, nakiri.

Nisalimie shemeji, umwambie ugomvi wetu wa siasa nimeuahirisha, sijaufuta. Msalimie Aiman, na Shamila na wanawe. Stara anawasalimu wote. Tuombee Jumamosi, na Mola awalinde ninyi huko na kila aliye njiani.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinibishia,

Mrisho