Keria ya Kuvuliwa Kila Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Mfereji umeanguka barabarani leo. Mmoja tu, wa kukingia maji ya mvua ukingoni mwa paa, mweupe, wa mita nne. Tulikuwa tumeifunga yote kwa kamba juu ya paa la pikapu, kama siku zote. Kwenye kilima cha kiwanda cha sabuni ukachomoka taratibu, ukateleza nyuma, ukagonga lami — pa! Nyuma hapakuwa na mtu. Naandika tena: hapakuwa na mtu. Kaka alishuka, akauokota, akatazama kona iliyopinda, akasema huu tutauweka upande wa jikoni kwa mwenye nyumba tunayemfungia mifereji, hatauona.

Mimi sikushuka. Kila asubuhi mke wake, wifi yangu, hutufuata nyuma na skuta yake mpaka kwenye mzunguko, ndipo akate kulia kwenda kazini kwake zahanati. Anapenda kukaa nyuma ya pikapu kwa sababu tunamkinga upepo. Leo hakuja. Ameamka na mafua. Yaani uzima wa mtu umesimama juu ya mafua!

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Kaka mimi sipandi tena gari lenye mifereji iliyofungwa kwa kamba. Tununue keria, ile fremu ya juu ya gari ya kubebea mizigo mirefu. Akasema sawa, Kengele. Hilo ndilo jina langu nyumbani tangu utotoni, kwa kuwa napiga kelele kabla wenzangu hawajaona hata moshi. Amekubali upesi mno. Naye aliogopa, ila yeye woga wake anaumeza na chai, mambo yanaendelea.

Wifi amepona. Leo alikuwa nyuma yetu. Njia nzima nimekaa nimegeuza shingo, sasa inauma.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekwenda kwa wauza keria. Karakana moja ndefu, harufu ya chuma cha kuchomelewa, redio inazungumza peke yake. Zipo aina mbili. Ya kuchomelea: chuma kinene, ikishakaa imekaa, mpaka gari life. Na ya kuvua: aluminiamu, miguu minne, kila mguu una kibano kinachouma ukingo wa bodi, na bolti yenye mkono wa kuzungushia.

Mimi nilitaka ya kuchomelea. Kitu kisichotoka hakitoki, basi. Lakini Jumamosi pikapu hubeba makochi ya rafiki yake Kaka, fundi sofa, na kochi halipiti chini ya vyuma. Kwa hiyo ya kuvua. Nimeshindwa kwa hoja, si kwa moyo.

Muuzaji ana kalamu sikioni na maneno mengi. Alisema hii, dada, unaivaa na kuivua kama kofia. Nikamwambia kofia huchukuliwa na upepo. Akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka, akaeleza vizuri. Unazungusha kwa mkono mpaka uchoke, halafu unamalizia kwa spana mpaka igome. Ukitembea kilomita hamsini, unasimama, unakaza tena. Na kila ukiivua ukairudisha, unaanza upya. Vibano hulegea kwa mtetemo, havina ubaya, ndivyo vilivyo.

Havina ubaya! Usingizi nitautoa wapi?

Nikauliza: ikichomoka inaangukia upande gani? Akasema haichomoki. Nikauliza tena. Akasema, nyuma.

Ijumaa, 7 Machi

Imefungwa. Lazima nikubali, imependeza. Mifereji sita inalala juu yake kama watoto kwenye kitanda kimoja, na bodi iko tupu kwa ndoo, ngazi na silikoni. Kaka alikaza, nikakaza, akakaza, nikakaza. Mkono wa nyuma kushoto ni mgumu, unataka spana ndefu na mtu mwenye hasira.

Halafu nikapata wazo. Nimechukua rangi ya kucha ya Wifi, nikapaka kila bolti mstari mmoja mwekundu, unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye kibano. Bolti ikizunguka hata kiduchu, mstari unakatika na unaonekana. Bolti nne, mistari minne. Sasa woga wangu una macho. Kaka alisema kweli hiyo ni akili. Wifi alisema gari limepakwa kucha kabla yake.

Jumatatu, 10 Machi

Jumamosi keria ilivuliwa, jana tumeirudisha wote wawili, tumekaza, nimepaka upya. Leo nimemsimamisha Kaka mara tatu kuangalia. Mistari mizima mara zote. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya shule, wanafunzi walisimama kututazama nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya ukingo wa bodi na spana. Kaka aliwaambia dada yangu anasali.

Nilicheka. Lakini nilikaza, robo nzima ya mzunguko kwenye ule wa kushoto. Au nilidhani ni robo.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Tukiwa kwenye mzunguko nikasikia mlio — kwi, kwi, kwi — juu ya kichwa. Nikamwambia simama. Akasema hapa hapasimamiki. Nikashika usukani! Sijui nani aliushika, mkono ulikwenda wenyewe. Magari yakapiga honi, Wifi nyuma akafunga breki, skuta ikayumba. Ikayumba kwa ajili yangu. Si kwa ajili ya keria. Mlio ulikuwa wa mpira wa dirisha.

Tulipofika kwa mwenye nyumba tumechelewa, ameshaondoka na funguo. Siku nzima imepotea.

Jioni Kaka hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, mdogo wangu, mimi siku hizi siendeshi gari, naendesha woga wako. Imenichoma. Mama alijaribu kunitetea, akasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kaka akamjibu, Mama, hicho kicheko chenyewe leo kidogo kimwue mke wangu.

Sikula.

Alhamisi, 13 Machi

Tumekaa mezani, mimi, Kaka na Wifi, tumewekeana mkataba wa mdomo. Nitaangalia mistari kwa macho, asubuhi, mara moja. Ikiwa mizima, spana inabaki kwenye sanduku. Sikazi juu ya mkono wa mtu. Simsimamishi mtu njiani. Wiki mbili, halafu tutaona. Wifi ndiye shahidi. Alinishika mkono akasema, wifi yangu, mimi ndiye ninayekaa nyuma, na mimi siogopi, sasa wewe unaniogopea mpaka lini?

Jibu ninalo lakini halisemeki mezani: mpaka nizeeke.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeangalia kwa macho. Mizima. Sikugusa. Mikono niliitia mfukoni, ikatoka, nikairudisha.

Wifi alitupita kwenye mzunguko akanipungia. Nikampungia. Kumbe hii ndiyo asubuhi ya watu wengine.

Jumamosi, 15 Machi

Makochi. Kaka na fundi sofa wameivua keria, wameiegemeza ukutani uani. Ukiitazama ikiwa chini ni kitu kidogo tu, hata hakitishi. Kaka amesema ataifunga mwenyewe kesho, nisihangaike, niende na Mama kwa shangazi kama tulivyopanga.

Jumapili, 16 Machi

Tumerudi kutoka kwa shangazi alasiri. Kaka hayupo, ametoka kwenda kuangalia mpira. Keria iko juu ya gari, mifereji sita imeshafungwa kwa kanda za kufungia mizigo tayari kwa kesho. Nikazunguka pikapu polepole. Mbele kulia, mzima. Mbele kushoto, mzima. Nyuma kulia. Nyuma kushoto. Mistari minne, mipya, minyoofu, inang'aa. Amepaka mwenyewe! Ndugu yangu, ambaye alikuwa ananicheka.

Nililifungua sanduku, nikaitoa spana. Nikasimama nayo. Mama alikuwa ananichungulia dirishani, najua. Nikairudisha.

Nimeona fahari. Sioni haya kuiandika. Miaka arobaini na mbili, na leo nimemwamini mtu bila kumkagua.

Jumatatu, 17 Machi

Niko kwa mwenye nyumba, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitangulia na basi kupima paa.

Saa mbili na nusu Kaka amepiga simu. Yuko kituo cha mafuta anajaza upepo, nusu saa atakuwa hapa. Alikuwa na furaha. Akasema umeona jana nilivyokupakia rangi, na mimi sasa ni fundi kucha. Nikacheka, nikasema umenifurahisha kuliko unavyojua. Kisha nikauliza, maongezi tu, si woga, naapa si woga: ule wa nyuma kushoto haukukusumbua kwenye spana?

Akasema, spana si ulipitisha wewe?

Nikasema mimi sikugusa. Tuliahidiana. Nimeona mistari, nikajua umekaza.

Akasema alizungusha kwa mkono tu. Kila siku nikikaza, akasema, unakuja kukaza juu yangu, nikaona nisijichoshe bure, utamalizia. Rangi nilipaka nikufurahishe. Na ahadi je, nikamwuliza. Akasema, Kengele, nani aliamini ile ahadi?

Halafu nikasikia mlango wa gari. Nikasikia anapanda kwenye gurudumu. Akasema kibano cha nyuma kushoto kimeachia kabisa, keria imeinama, kanda moja inaning'inia. Nikamwambia hesabu mifereji. Akahesabu kwa sauti. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Akaanza tena kutoka mmoja.

Mitano. Alifunga sita. Nami niliiona jana, sita.

Nikauliza Wifi yuko wapi. Akasema alikuwa nyuma yangu.

Mpaka wapi? Hajui. Kwenye kilima cha kiwanda cha sabuni alimwona kwenye kioo. Kwenye mzunguko hakutazama. Hakutazama kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayetazama. Mfereji ukiwa umeanguka baada ya mzunguko, Wifi alishakata kulia, yuko salama. Ukiwa kabla — sitaki kuandika. Kaka amegeuza gari, anarudi kwa njia ile ile na mitano yake, nimemwambia aishushe kwanza yote, sijui kama alinisikia.

Nimempigia Wifi mara saba. Inaita mpaka inakata. Wifi hapokei simu akiwa juu ya skuta, ni mtu pekee ninayemjua mwenye adabu hiyo, na mwaka mzima nimekuwa nikimsifia. Leo naomba avunje. Pokea, mama. Pokea ukiendesha, nitakusamehe.

Saa tatu kasoro tano. Zahanati wanaanza saa tatu.

Mara ya nane. Inaita.

Mwenye nyumba amekuja kuuliza kama mafundi wako njiani. Nimemwambia ndiyo.

Saa tatu na dakika mbili. Nimepiga mapokezi ya zahanati. Binti aliyepokea ana sauti ya usingizi. Nimemtajia jina la Wifi. Akasema bado hajasaini. Nikasema tafadhali angalia vizuri. Akasema dada, huwa hachelewi, labda ni yeye huyo, nasikia kama kuna skuta inaegeshwa nje, ngoja nikuangalizie.

Ameilaza simu mezani. Nasikia viatu vyake vinakwenda mlangoni.