Fuata Mchoro

Malindi, Jumapili

Dada Krupali,

Shikamoo. Umeniuliza kama nakula. Nakula. Mvua imenyesha siku tatu na dari inavuja pale pale ilipovuja mwaka jana. Usinicheke, mchoro wa nyumba hii ni wangu mwenyewe.

Ile hoteli niliyoichora kule Bofa wanaibomoa. Sikwenda kutazama. Fundi Thoya, aliyeviunda viti vyake vyote, aliokota kimoja akaniletea nyumbani. Akakikalia.

"Mzee," akasema, "nimeunda viti mia mbili vya namna hii, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukalia kimoja. Kinaumiza mgongo."

"Mbona hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Uliniambia nifuate mchoro. Nikaufuata."

Hakuwa na nia mbaya. Tulikunywa chai, akaenda zake Ganda. Lakini tangu hapo namfikiria marehemu wifi yako. Unakumbuka Induben alivyokuwa akiweka mto kwenye kiti chake, cha mchoro huo huo, nami nikiutoa, nikimwambia unaharibu umbo? Kila nilipoutoa, aliurudisha bila neno. Hata mwaka wake wa mwisho, maumivu yalipomzidi, niliutoa kwa kuwa kulikuwa na wageni.

Jana niliutafuta mto ule, nikaukuta kabatini nyuma ya sari zake. Nimeurudisha mahali pake, nikasimama mlangoni kukitazama kiti.

Umbo halijaharibika hata kidogo, dada.

Nduguyo,
Alkesh