Ndugu wa Ng'ambo

Rumonge, 14 Februari

Kwa dada yangu Asya, huko Baraka, Kongo,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba vita havijafika mtaani kwenu. Sisi huku miili ni mizima, ila macho ya Mama yamekwisha kabisa.

Roho yangu ndiyo haijatulia. Mwezi uliopita watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba kuandika upya nani raia na nani mgeni, ndipo watoe vitambulisho vya kupigia kura. Wakataka kile kijitabu cha utambulisho cha babu Lukeba cha enzi za Mbelgiji. Babu alizaliwa hapa hapa, na siku ya uhuru alicheza ngoma hapa hapa. Lakini alikuwa Mwislamu na alisema Kiswahili, basi Mbelgiji akamwandika mgeni, mtu wa Kongo. Mbelgiji kaenda zake miaka sitini na zaidi, na neno lake bado linaaminiwa kuliko kaburi la babu lililoko hapa Gatete.

Jirani yetu Jamali, fundi cherehani, aliulizwa kama ana ndugu ng'ambo ya ziwa, akasema kweli kwamba anao. Kesho yake gari lilimchukua. Mpaka leo mkewe hajui alipo. Zamu yangu ilipofika, aliyeshika kalamu alikuwa Tadeo, mkuu wa mtaa, anayekujua tangu utoto. Akaniuliza habari zako.

Nisamehe, dada. Nilimwambia ulikufa vitani.

Tadeo alisikitika kwelikweli. Jioni alileta majirani na mchele, Wakristo kwa Waislamu, mikeka ikatandikwa, na hitima yako ikasomwa uani kwetu. Wewe uliyekuwa ukinificha nyama ukasifiwa kwa ukarimu. Nilikaa nikipokea pole. Mama alisikia yote, nami sikuthubutu kumnong'oneza, maana unamjua, furaha hawezi kuificha, na mtaa mzima unaingia kumfariji. Chakula hagusi.

Najua ulipanga kuja Idi. Tafadhali usije, watakuona bandarini. Nami kila asubuhi naogopa nitamkuta Mama amekufa na uongo wangu. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii.

Mke wangu Alya, ambaye peke yake anajua, anakusalimu sana. Salamu za Mama sina. Yeye kila baada ya swala anakuombea kaburi lenye nuru.

Mdogo wako,
Abdoulkarim