Firigisi ya Sylvester

Sylvester, ukirudi msomee Mama karatasi hii, wala usiruke mstari.

Shikamoo Mama. Maharage yako jikoni, yaongezee maji yasiungue. Karanga nimezianika uani, mbuzi asizikaribie. Mimi nimekimbilia stesheni kuiwahisha fomu ya mwanao kwenye gari moshi la Dar es Salaam. Mwenyewe yuko Kanyenye, anawaonyesha watu picha aliyopigwa akiwa amevaa koti la marehemu Baba.

Sikuaga kwa sababu ya firigisi. Umemchinjia kuku asubuhi yote hii, firigisi ukampa yeye, eti ameomba kusomeshwa na Serikali ya Uhindi. Mimi nikapewa shingo. Najua firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Baba alipoila sikununa. Lakini huyu! Fomu nimeijaza mimi, Kiingereza changu, mwandiko wangu, hata pale panapouliza kwa nini anataka udaktari. Yeye alitia sahihi tu, kisha akadai maji ya kunawa.

~~Nitaitupa relini.~~ Hapana, nimefuta. Nitaipeleka.

Ila Padri alitupatia fomu mbili, moja ya akiba kama wino ungemwagika. Wino haukumwagika. Ya pili nimeijaza jina langu, nikabandika picha yangu ya kipaimara. Zote zimo katika bahasha moja.

Mama, yule tetea mweupe usimchinje mpaka majibu yaje.

Binti yako mkubwa,
Apolinaria