Posa Iliyokuja na Trekta

Dada yangu Mwanaisha,

Naubusu mkono wako kutoka huku kwenye baridi, dada yangu uliyenilea. Mie mzima wa afya, isipokuwa magoti, nayo nimeshayazoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Vipi presha yako? Unameza dawa ulizoandikiwa, au bado unashindana na daktari kwa maji ya mdalasini? Na lile paa la jikoni, fundi amerudi kulimaliza, au bado anaapa kwa jina la mamake kuwa kesho anakuja?

Nimeamua kuandika kwenye karatasi, na barua nampa Bi Zuwena wa Ilford, anayekuja huko kumtazama mamake. Sababu unaijua. Simu yako si yako, ni ya mtaa mzima. Nikikutumia sauti unaifungulia jikoni, na kabla sijamaliza bismillahi mkaanga mihogo wa hapo nje ameshajua habari yote na ameiongeza. Haya nitakayosema ni yako wewe, shemeji, na mwanetu Rahma, basi.

Umeniuliza habari za huyo Nassor aliyeleta posa kwa Rahma. Umesema wazee wake wamekuja na adabu zao, wamekaribishwa, wameambiwa wasubiri mpaka mtuulize sisi wa London, maana msichana ana mama yake mdogo huku, na bila ya neno la mama mdogo jibu halitoki. Hapo mmefanya kama tulivyolelewa, nami nashukuru kuwa baada ya miaka yote hii bado mnanihesabu kuwa mtu. Ukaniletea na video yake, yuko juu ya trekta anasukuma theluji, nyuma yake jumba la matofali mekundu, ukaandika kuwa kijana ana nyumba, ana ardhi, ana matrekta. Shemeji ameshasema ndiyo moyoni. Rahma naye anataka kuacha kazi ya ualimu.

Asiache kazi. Nalitanguliza hilo, isije barua ikarowa mkashindwa kusoma mbele. Asiache kazi, na jibu la posa ni hapana.

Sasa kaa kitako nikueleze.

Lile jumba si lake. Ni nyumba ya wazee ninayofanya kazi mimi, huku mwisho mwisho wa London, mbele kidogo ya Hayes, ambako ndege zinapita chini mpaka unaona matairi. Watu wa huku wanawaweka wazazi wao humo, halafu wanakuja kuwatazama sikukuu na maua mkononi, jicho kwenye saa. Hayo tuyaache, nikiyaanza sitayamaliza. Niliingia hapo kuogesha wazee na kuwalisha. Alipoondoka mtunza bustani, meneja wetu, mwanamke mwenye ile sauti ya upole ya watu wasiokupenda, alitukusanya akauliza nani anaweza kuendesha trekta. Wanaume wa pale, wenye vifua hivi, wote wakainamia viatu vyao. Nikasema mimi. Sikuwa nimewahi kuligusa, lakini kitu kilichoundwa ili mtu akikalie azungushe usukani kitanishinda nini? Meneja akacheka. Siku hizi hacheki.

Ni trekta dogo, dada, usidhani ni yale ya kulimia mpunga Cheju. Ukiliweka uani kwako, mbuzi wako watapata pa kupita. Lakini linafanya kazi kuliko wafanyakazi wote wa nyumba ile. Siku za joto nalifunga mashine ya kukatia majani, miti ikipukutika nabebea matawi, mapipa ya taka nayavuta kwa kigari nyuma, na theluji ikianguka nafunga mbele bamba la chuma la kuisukumia. Nyuma nalitia chombo kinachozunguka, kinamwaga chumvi njiani isigande barafu. Ndiyo, chumvi. Chakula chao hawa hakina chumvi hata ya kulambia, barabarani wanaimwaga kwa magunia.

Na theluji yenyewe ni aibu tupu. Ikianguka ya kufunika kidole cha mguu, skuli zinafungwa, treni zinasimama, watu wazima wanapigiana simu kama kumeingia vita. Nusu ya wenzangu hawaji kazini, ati njia haipitiki. Mie nakwenda kwa miguu na magoti yangu haya haya. Nawasha trekta, nasafisha njia ya gari la wagonjwa, nasafisha mlango wa jikoni, namwaga chumvi, halafu nikiingia ndani nawakuta wanaume wamekumbatia vikombe vya chai wanazungumzia baridi.

Sasa huyo Nassor wenu ndiye anayetuletea mashuka. Ni dereva wa gari la dobi, anachukua machafu ya wazee, anarudisha masafi. Simdharau kwa hilo, nisikilize vizuri. Yale mashuka nayajua yana nini, na mtu anayeyabeba kwa jasho lake la halali namweka juu ya kichwa changu. Marehemu baba alibeba magunia ya karafuu bandarini na hakuna aliyethubutu kumwita duni. Namdharau kwa sababu yeye mwenyewe anaionea haya riziki yake. Anakuja kuchukua mashuka ya kojozi kavaa miwani ya jua mwezi wa Januari, viatu vyeupe pepepe, manukato kajimwagia mpaka wazee wanapiga chafya. Na kusema. Chumvi ninayoimwaga mimi njiani, yeye anaitia kwenye maneno.

Siku ya theluji alinikuta nje juu ya trekta, nimevaa koti la kazi na mabuti, kofia ya sufu juu ya mtandio. Akanisikia naitukana theluji kwa Kiswahili. "Kumbe mama ni mwenzetu," akasema. Nikamwambia mie mtu wa Unguja. Basi, hapo hapo angeuliza, wa wapi, mtoto wa nani. Kwetu mtu hamalizi salamu kabla hajajua kitovu chako kimezikwa wapi. Yeye hakuuliza hata jina. Macho yote yalikuwa kwenye trekta. Angeuliza neno moja tu siku ile, angejua amesimama mbele ya nani, na leo nisingekuwa na la kukuandikia.

"Mama, nipishe kidogo nipigwe picha," akasema. Nikashuka, akanipa simu yake. Ndiyo, dada, aliyeipiga video ile ni mimi. Video mliyoizungusha mtaa mzima, mkawaalikia watu kwa halua, imepigwa kwa mkono huu wenye baridi yabisi. Na nilipokuwa naipiga nilimwambia, "Bwana wee, nyanyua hilo bamba kabla hujaondoka." Sauti yangu ameifuta, kaweka muziki.

Mwanzo mmeuona. Mwisho hamjauona kwa sababu ameukata. Alikwenda kidogo, kama mlivyoona, kidevu juu, mkono mmoja kwenye usukani kama anaendesha gari la rais. Halafu akakanyaga mafuta, bamba liko chini vile vile. Likakamata ukingo wa njia, trekta likageuka, likapanda kitalu cha maua, likaenda kulivunja benchi la Bwana Arthur. Huyu ni mzee wetu mmoja, benchi lile aliliweka kwa kumkumbuka mkewe, na hakuna siku asiyokaa pale, iwe mvua iwe jua. Alikuwa dirishani anatazama. Nassor akaruka chini, na jambo la kwanza akaangalia viatu vyake. La pili akaninyang'anya simu.

Meneja akatoka mbio. Mie sijafungua mdomo, Nassor keshasema, kwa Kiingereza chake cha puani, kuwa yeye alikuwa anapita na mashuka yake, akamwona mama huyu trekta linamshinda, akakimbilia kumsaidia. "Msimlaumu," akasema, "maskini, umri umekwenda." Dada, mtu yule alinionea huruma mbele ya macho yangu kwa kosa alilolifanya yeye. Nilieleza. Meneja akanisikiliza kwa ile sauti yake ya upole, akaniambia niache funguo mezani mpaka watakapoamua. Bwana Arthur alisema alichokiona. Wakamwambia ndiyo, ndiyo, wakampa chai, maana mtu akishaingia mle ndani neno lake halina uzito tena. Mie nikarudishwa ndani kupokea mashuka. Ya nani? Ya Nassor.

Ilipoanguka theluji ya pili hakuna aliyeweza kulitoa trekta bandani. Mmoja alilizima mlangoni, mwengine akasema mgongo unamuuma. Meneja akaja mwenyewe na funguo kiganjani. Hakuomba radhi, aliniambia tu, "Kama hutojali." Nikamwambia sijali. Benchi nimelitengeneza kwa mikono yangu, nikatia ubao mpya, na Bwana Arthur amekaa akasema lile la mwanzo lilikuwa zuri zaidi. Namwamini.

Ujumbe wako uliponifikia nilikuwa ndani ya basi. Nilipoifungua video nilicheka mpaka bibi wa Kigujarati aliyekaa nami akahama kiti. Halafu nikasoma jina la Rahma, kicheko kikanikauka. Nikasema labda kijana ni mjinga tu, ujinga una dawa, nisimhukumu mtu kwa bamba na benchi. Nikanuia nimsikilize kwanza.

Alipokuja na mashuka sikumwambia kitu. Yeye mwenyewe akaanza, "Mama, niombee dua, naoa nyumbani."

"Mashaallah," nikasema. "Wamekubali?"

"Wamekubali wote. Imebaki kizee kimoja kiko huku huku London, ati mama mdogo wa msichana, ndiye wanayemsubiri. Hao nawajua, mama. Chupa ya manukato na shali, wananyamaza."

"Na msichana umemwambia kazi yako?"

Akacheka. "Akishafika ataijua. Atafanya nini, atarudi kwao kwa miguu?"

Hapo ndipo mzaha ulipokwisha, dada. La nyumba ningemsamehe, na la trekta pia, vijana hujishaua. Hata la kunisingizia ningelimeza kwa ajili yenu, maana hakujua mimi ni nani. Lakini anamtaka mtoto wetu kwa sababu akishafika huku hatakuwa na njia ya kurudi. Mimi nimefika nchi hii sina mtu, najua usiku wake na mchana wake, na mwanangu hataletwa kufungiwa kwenye chumba fulani cha kupanga juu ya duka huku akisubiri mtu wa viatu vyeupe ampe ruhusa ya kufungua mlango.

Niliyapokea mashuka, nikamwambia Mungu ampe anachostahiki. Akaitikia amin.

Najua watakuja wa kukwambia mkataa pema pabaya panamwita. Waambie wakapaangalie hapo pema kwanza. Na tafadhali, msiwajibu wazee wake kwa zile pole pole zetu, ati mtoto bado mdogo, ati hawakuandikiwa. Wazee hawana makosa, wapewe kahawa na heshima yao, lakini neno liwe wazi: tumeuliza London, London imekataa. Wakitaka kujua nani aliyekataa, wamwambie Nassor ni yule kizee aliyemshikia simu. Manukato ampelekee Bwana Arthur.

Sasa Rahma. Chini ya ujumbe wako aliniandikia mstari wake mwenyewe, labda hukuuona. Kaniuliza, "Mama mdogo, huko mwanamke anaruhusiwa kuliendesha?" Mstari huo umeniuma kuliko yote. Kumbe mtoto wetu hakumpenda mwanamme, kapenda trekta. Mwambie anayeliendesha ni mwanamke, na hajaomba ruhusa ya mtu. Abaki na kazi yake na mshahara wake. Akitaka kuja kunitembelea, aje kwa jina lake mwenyewe, na tiketi ya kurudia aiweke mkobani mwake, nami nitamkalisha pale juu na kumfundisha. Somo la kwanza ni kunyanyua bamba.

Nisalimie shemeji, mwambie sikumkatalia yeye, nimemlindia binti yake. Msalimie wifi yetu mjane na watoto wake. Mkaanga mihogo naye msalimie, umwambie safari hii hana habari.

Na kama Rahma bado ana shaka nami, aitazame tena ile video, asimwangalie mpanda trekta, aangalie kiti. Kile kiti ni cha plastiki na kina baridi ya maiti, nimekifunika kanga. Ni pande langu la ile doti tuliyogawana siku niliyoondoka. Pande lako limo sandukuni. Litoe ulikunjue mbele yake, umsomee maandishi aliyoyakalia bwana harusi: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Mdogo wako, mwenye funguo,
Salma