Dua ya Zimwi

Batuli, shoga yangu, nimefanya nini mimi!

Unajua tangu tuhamie Rumonge natuliza upweke kwa kile kitabu cha hadithi nilichotoka nacho Ujiji. Leo nilikuwa nakisoma kwa sauti.

Mama mkwe akaingia. Yeye kusoma kwa sauti anakujua kwenye hitima tu. Akaanguka chini: "Mwana wanje! Mwanangu! Amekufa?" Maana mume wangu Asmani yuko safarini, anawabebea Wadachi mizigo.

Nikaona haya kusema ni hadithi. Nikasema ni dua ya kumlinda mwanawe. Dua, Batuli! Nimesema dua!

Akanishika mikono. "Basi usiache, mwanangu."

Sikuacha. Mama mkwe Kiswahili cha kitabuni hakielewi. Kila zimwi lilipomla msafiri, yeye alifumba macho akaitikia: "Amina."