Mafuta ya Ufuta Uliyomtumia Levina

Ng'ambo, Tabora

Zablon,

Shikamoo yako niliipokea kwa simu, na marahaba sikukupa kwa makusudi.

Mvua zimeanza. Mwanangu Mathias amepanda ufuta nyuma ya nyumba, mahali pale pale alipopanda mama. Mama aliukaanga, akautwanga, akauchemsha mpaka mafuta yakaelea, kisha akayaungia nsansa, ile mboga kavu ya kunde. Kwa yaliyobaki alituchua magoti. Hakuwahi kuyaita dawa ya presha. Wewe ndiwe uliyeyaita hivyo.

Sikatai kwamba yanafaa. Daktari mwenyewe alisema ni bora kuliko mafuta yanayoganda, mradi yatumike kwa kiasi na vidonge visiachwe. Lakini dada yetu Levina alipokuuliza kuhusu vidonge vyake vya presha, ulimjibu, "Dada, tupa vidonge hivyo. Kunywa kijiko asubuhi na jioni, utanishukuru." Alikuamini kwa kuwa alikulea mgongoni. Akavitupa. Jumapili alianguka kanisani, na sasa upande wake wa kulia umelala.

Usitume chupa nyingine, wala usinieleze ulichosoma kwenye simu.

Jana nilimpikia nsansa kwa mafuta yako, maana kutupa chakula ni dhambi. Alikula polepole kwa mkono wa kushoto, akasema kwa shida, "Mdogo wangu anajua kuchagua mafuta."

Sikumjibu. Njoo umjibu wewe.

Kaka yako,
Raymundi